Tuta Langu la Matete

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano, ule wa mahindi ya msaada ya wakimbizi, na hata sisi wa Ujiji tuliula. Leo mjukuu wangu kakata matete mabichi uani, na harufu yake imenirudisha ufukweni.

Mwalimu alitupandisha matete, kila mtoto na tuta lake, ili mvua isishushe udongo ziwani ukafunika mayai ya samaki. Yangu yaliyapita ya wote kwa urefu, nasema bila haya. Asubuhi moja nikamkuta mama mkimbizi, mtoto mgongoni, anayakata aezekee kibanda. Nilitaka kulia.

“Mwana wanje,” akaniambia, yaani mwanangu kwa lugha yao, “mizizi nimekuachia.”

Nikainama kutazama. Kweli, hakung'oa hata shina moja. Yangeota tena.

Mwalimu akafika na fimbo. “Tuta ni lako. Mfukuze.”

“Simfukuzi, mwalimu.”

“Wewe una mdomo sana! Kesho wageni wanakuja kukagua matuta haya. Mfukuze, au nikuchape wewe.”

Nikamnyooshea mikono yote miwili.

“Simfukuzi, mwalimu.”