Stempu Kwanza

Kila mwanamume wa Katubuka ana ugonjwa wake: huyu pombe, yule bao. Mzee Anatoli, mstaafu wa posta, alikuwa na stempu. Alizipenda za ukumbusho, hasa zenye ngome na monasteri za Ulaya zilizojengwa miaka mia saba, mia nane iliyopita. Mgeni nyumbani kwake alionyeshwa minara kabla ya kuonyeshwa kiti.

Zilitoka kwa mwanawe wa pekee, Thobias, mwashi aliyekwenda huko kukarabati kuta kama hizo. Simu alipiga, lakini barua hakuacha kuandika, maana aliijua furaha ya babake.

Anatoli hakuamini mkasi, usije ukakata meno ya stempu. Alitoa barua, akatumbukiza bahasha nzima kwenye beseni la maji ya vuguvugu, stempu ijibandue yenyewe. Ndipo alipovaa miwani kumsomea mkewe, Skolastika. Stempu kwanza, mtoto baadaye. Ndivyo alivyokuwa, Mungu amsamehe.

Siku moja ikaja monasteri iliyojengwa juu ya jabali. Aliiloweka huku akipiga mluzi, kisha akafungua barua peke yake, mkewe akiwa sokoni.

"Baba, simu yangu imeibwa na namba zenu zote zimekwenda nayo. Nimehama mji. Anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Nijibuni upesi."

Alirudi mbio kwenye beseni. Maji yalikuwa ya bluu, bahasha haina hata herufi. Kwenye muhuri ilisomeka tarehe tu. Maji yakimwagika hayazoleki; haya hayakumwagika, yalitulia pale, na anwani ya mtoto ilikuwa ndani yake.

Aliandika kwa anwani ya zamani, barua ikarudishwa. Mkewe alimwambia tu kwamba simu ya mtoto imeibwa; habari ya anwani alimficha. Aliona haya, akajipa moyo kwamba Thobias ataandika tena. Thobias hakuandika. Bila shaka naye alikuwa akingoja jibu.

Kisha Skolastika akaugua tumbo, na hospitali wakasema arudishwe nyumbani.

"Baba Thobias, umemwandikia mtoto aje?"

"Nimemwandikia, Mama Thobias."

Kila pikipiki iliposimama nje, aliomba ainuliwe kitandani, afungwe kitambaa vizuri kichwani. Anatoli alimwinua, akamfunga, akamlaza tena. Mwishowe moyo ulimshinda. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote, akilia kwa sauti.

Skolastika aligeukia ukuta. Kisha akamtafuta mumewe kwa mkono.

"Siku atakayokuja," alisema, "usimwambie nilimngoja. Mwambie nilikufa ghafla."

Alikufa Jumanne asubuhi. Alikuwa amemngoja miezi minne.