Storeji Nyuma ya Pazia

Kwa miaka kadhaa nimehariri video za harusi katika studio moja hapa Garissa, na katika muda wote huo hakuna mwanamume aliyewahi kuona kazi yangu. Sherehe ya wanawake ni ya wanawake. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele huachwa wazi, akina mama wenye heshima zao sokoni hucheza mpaka walowe jasho, na simu zote hukusanywa na kutiwa kwenye beseni linalolindwa na shangazi asiyejua mzaha. Kamera inayobaki ndani ni moja tu, nayo ni yangu.

Kwa hiyo studio ina vyumba viwili. Cha mbele ni cha bosi: picha za pasipoti, fotokopi, feni na mazungumzo ya siasa. Cha nyuma ni changu, nina mlango wangu wa uani, na kati yetu kuna pazia zito ambalo bosi alilichagua mwenyewe. Video zote nazihifadhi kwenye storeji, kisanduku cheusi chenye ukubwa wa mkate, kinachokaa kwenye rafu juu ya meza yangu. Hakichomekwi moja kwa moja kwenye kompyuta. Waya wake hupita kwenye tundu la ukutani hadi chumba cha mbele, kwenye rauta, na waya wa kompyuta yangu hufuata njia hiyo hiyo, kisha viwili hivyo hukutana huko na kuzungumza. Bosi alipokinunua alimwita fundi na kumpa sharti moja: kisionekane kwenye kompyuta ya mbele, hata kwa bahati mbaya. Fundi akakizuia kisijitangaze kwenye mtandao, akakipa anwani ya kudumu, na anwani hiyo akaiingiza kwenye kompyuta yangu peke yake. Katika studio nzima hakuna aliyezingatia stara kama kisanduku kile.

Siku moja, jua likiwa limeshachemsha mabati, alikuja mama mmoja ambaye nilikuwa nimempigia video harusi ya binti yake. Katika harusi ile mama yake mzazi, bibi kizee aliyeletwa kutoka Hulugho, alisimama akaimba buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake wetu huyatunga na kuyaimba wenyewe kwa ngoma na makofi. Haukupita mwezi, bibi akafariki huko huko Hulugho. Sasa bintiye alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha wageni, na kaka yake mkubwa, aliyemleta kwa gari, alikuwa amebaki mbele na bosi, akinywa chai ya maziwa ya ngamia.

“Harusi nitaiangalia siku nyingine,” mama akaniambia. “Leo nataka kusikia sauti ya hooyo tu.”

Hooyo ndiyo mama, na alilitamka kama mtoto. Nikamwambia akae raha, ni jambo la dakika moja. Nikafungua kompyuta. Ikaniandikia kwamba haiwezi kukipata kifaa nilichokitaja, ikaweka na anwani yake, namba na vitone. Nikajaribu tena. Nikaizima nikaiwasha. Nikachomoa waya nikachomeka, nikabadilisha waya nikaweka mwingine. Taa za kisanduku zilikuwa za kijani, diski zikivuma kama kawaida, na kompyuta iliyokuwa chini yake tu ikashikilia kwamba hakuna kitu kama hicho duniani. Nami nilijua jambo ambalo mgeni wangu hakulijua: kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta kwa ajili ya harusi nyingine. Kama sauti ile haikuwa mle ndani, haikuwa popote.

Nikamwita bosi nikiwa huku huku nyuma ya pazia.

“Storeji haionekani!”

“Mashallah,” akajibu kwa mazoea. Kisha akafikiri kidogo. “Haionekani na nani?”

“Na mimi.”

Nikamuuliza kama kuna kitu chochote kilichobadilishwa huko mbele. Akaapa. “Wallahi hakuna kitu kimebadilika, abaayo, dada yangu. Hata kiti.” Akampigia simu fundi, yule yule wa kwanza.

Fundi alikuwa kijana wa kutoka Meru, kwa hiyo kuanzia hapo sote tukatoka kwenye Kisomali tukahamia Kiswahili, kila mtu na cha kwake. Alifika na mkoba wa kifahari, akaelekea moja kwa moja kwenye pazia, na kaka mtu akamsimamisha. Haingii. Ukuta wangu umejaa picha za mabibi harusi, na skrini vivyo hivyo. Akapewa kigoda akae upande wa pili na atibu kwa maneno. Nimesikia kuna madaktari wanaotibu kwa simu, lakini mgonjwa wao angalau huwa na mdomo.

“Dada, unaona taa ngapi?”

“Mbili. Kijani.”

“Basi iko sawa.”

“Ingekuwa sawa ungeitwa?”

“Zima kompyuta, kisha washa.”

“Nimeshafanya hivyo.”

“Fanya tena. Saa hii niko.”

Nikaizima na kuiwasha mbele ya uwepo wake mtukufu. Nikamsomea ujumbe wote wa kwenye skrini, na namba zake. Akasema namba niziache, hizo ni za kompyuta. Nikamsomea mara ya pili, akaniambia vivyo hivyo. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limeletwa kwa pikipiki. Halafu kigoda chake kikaanza kusogea. Kwa maneno alikuwa akiapa kwamba hana haja ya kuona chochote, yeye ni mtu wa kazi tu, lakini kisebusebu na kiroho papo: kila swali lilimsogeza kwenye upenyo wa pazia, na kila aliposogea nilisikia kiatu cha kaka mtu kikikirudisha kigoda mahali pake.

“Mzee, wacha niangalie skrini sekunde moja tu.”

“Habana! Hakuna kuona. Wewe fanya kazi na maskio,” kaka mtu akasema, kila p yake ikitoka b.

Bosi akaja na suluhisho. Kompyuta itolewe nje, na skrini ifunikwe kwa leso. Fundi akauliza atasomaje skrini iliyofunikwa. Bosi akamjibu kwamba yeye ndiye fundi, ndiyo maana ameitwa.

Baada ya hapo fundi alinyamaza, nami nikaanza kuogopa, kwa sababu mtu wa aina hiyo akinyamaza huwa anatafuta cha kubonyeza. Na kweli.

“Dada, nyuma ya hiyo box kuna katundu kadogo. Chukua pini, bonyeza, shikilia mpaka ilie. Inaanza upya.”

“Na vilivyomo ndani?”

“Inategemea.”

“Inategemea nini?”

Kaka mtu ndiye aliyejibu. “Inategemea mbango ya Mungu. Bonyeza, abaayo. Saa ya kuswali inakaribia, na mimi niko na watu wananingoja.”

Mama akainuka. Alikishusha kisanduku kutoka kwenye rafu, na waya wake ukining'inia, akakaa nacho mapajani na kukizungushia mikono yote miwili. Kisha akageukia pazia na kusema kwa Kisomali, kwa sauti ambayo hata fotokopi iliisikia:

“Ulimnyamazisha akiwa hai, hutamnyamazisha kwa pini!”

Mama akanieleza kwa sauti ya chini, kisanduku kikiwa bado mapajani. Zamani hapakuwa na harusi Hulugho bila mama yake. Walikuwa wakimfuata hata wanawake wa ng'ambo ya mpaka. Halafu kaka huyu akarudi kutoka masomoni, akawa mtu wa kuheshimiwa, akasema kuimba hakumfai mama wa mtu kama yeye. Bibi hakubishana. Alikaa miaka mingi bila kuimba hata akikama mbuzi. Harusi ya mjukuu ndiyo ilimtoa, na kaka alikubali kwa masharti: milango ifungwe, asisikie mwanamume yeyote, na simu zote zikusanywe. Beseni la siku ile alilituma yeye mwenyewe.

Nilimchukia yule mzee, sina haja ya kulifunika. Nilitamani kulivuta pazia nimmwagie chai yake ya ngamia miguuni. Nilijichukia na mimi kwa zile kadi nilizozifuta. Nilikaa nikitazama ujumbe ule ule kwenye skrini, na mama akawa anakipangusa kisanduku vumbi kwa ncha ya shela yake.

Adhana ya Alasiri ikatuokoa. Bosi na kaka mtu wakatoka kwenda msikitini, na fundi, ambaye si Mwislamu, akaona ibada yake ni kuwasindikiza mpaka hotelini akale. Studio ikawa tupu. Nikafungua pazia nikaingia chumba cha mbele, ambako siendi ila kwa sababu maalumu, nikafuata waya zetu mbili kwa macho tangu tundu la ukutani mpaka zilipoishia.

Ziliishia kwenye rauta mpya. Ilikuwa nyeupe, ina antena nne, na karatasi ya nailoni ya dukani ilikuwa bado haijabanduliwa. Ilikuwa imepigiliwa misumari ukutani juu kidogo ya kiti cha bosi, kwa hiyo alipoapa kwamba hakuna kitu kimebadilika, alikuwa ameketi chini yake. Ya zamani niliiona sakafuni, imewekwa kizuizi cha mlango. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, ingawa wao walikuwa na mikeka tu na hawakujua bosi wangu angekuja kuagiza nini Nairobi.

Mgongoni mwa rauta mpya kulikuwa na kibandiko chenye anwani yake. Nikarudi kuitazama ile ya kwenye ujumbe wangu, ile niliyoambiwa niiache. Hazikuanza sawa. Hapo nikaelewa. Rauta ndiyo hugawa anwani, na hii mpya ilikuwa imetugawia wote anwani za mtaa mwingine, isipokuwa kisanduku, ambacho kilikuwa na yake ya kudumu na kikabaki nayo. Ni kama boma lote limehamia kisima kipya na kumwacha mzee mmoja kwenye kisima cha zamani, tena mzee aliyekatazwa kuitika akiitwa.

Nikaitoa rauta ya zamani mlangoni, nikaipuliza vumbi, nikaichomoa mpya kwenye umeme na kuichomeka hii mahali pake. Nikahamishia kwake waya zote mbili. Mlango ukajibamiza kwa upepo, nikauacha. Mama alikuwa amekirudisha kisanduku kwenye rafu na alikuwa akisoma dua, midomo ikienda bila sauti. Nikaiwasha kompyuta upya. Nikabonyeza.

Folda zikafunguka. Harusi zote za mji zikajipanga mbele yangu, na yake ikiwa miongoni mwao. Mama akamshukuru Mungu, kisha akanishukuru mimi, nami nikaifungua video yake.

Bibi alianza kwa kugomba. Katika video alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, fimbo mkononi, akimwambia mpiga ngoma kwamba hivyo anavyopiga ni kama mtu anayekung'uta godoro, arudie. Mama akacheka mpaka akajifunika uso. Mpiga ngoma akarudia, na bibi akaimba. Sauti ilikuwa na mikwaruzo mwanzoni, kisha ikapata njia yake, ikapanda, na wanawake wakamwitikia kwa makofi. Alimtaja bibi harusi, akamtaja mama yake, akamtaja aliyemzaa huyo, na aliyemzaa yule, akienda nyuma mama kwa mama bila kupumzika. Mama alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akiitikia pamoja na wale wa kwenye video, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta.

Ndipo wanaume wakarudi. Nilimsikia bosi akilalamika kwamba intaneti yake imepotea na mlango umevunjika kitasa. Nilimsikia fundi akisema, “Si niliwaambia itarudi yenyewe?” Halafu chini ya pazia nikaona viatu vya kaka mtu vimesimama.

Mkono wangu ukaenda kupunguza sauti, kwani hiyo ndiyo sheria ya nyumba. Mama akanishika mkono. Alikuwa amekaza uso, na niliona ameshapanga maneno yake yote, ya miaka yote ile.

“Huyo anayeimba ni nani?” kaka akauliza.

Mama akafungua mdomo kumpasulia, kisha akauzuia. Kaka alikuwa ameuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua; sauti hiyo ya harusini hakuwahi kuisikia. Dada yake akaniangalia, akaliangalia pazia, na hasira ikamtoka usoni polepole.

“Ni hooyo,” akasema. “Huyo ndiye hooyo akiimba.”

Bibi alikuwa bado akiendelea, makofi yakimfuata. Nikaigeuza skrini ikatazama ukuta, nikachukua spika moja, nikauvuta waya wake mpaka ulipofika, nikaisukuma chini ya pazia, karibu na viatu vile. Mikono miwili ikaipokea.