Jina la Mgeni Sikuliuliza

Mwenye ukurasa, nakuomba jina langu ulifiche, na mtaa sema Kisauni tu, yatosha. Nyote mnaosoma, assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa miaka sabini na tatu, mjane. Nina watoto watatu hai na mmoja sijui nimuhesabu wapi. Nimesoma mpaka darasa la saba, lakini kwa mapishi na kumpokea mtu, wallahi sijaona wa kunishinda. Waulizeni walioolewa Kisauni miaka ile nani alipika biriani zao.

Zuhura, si jina lake, alikuwa kifungua mimba wangu. Mrefu, meno meupe, Kiingereza chamtoka kama maji. Mwaka wa themanini na tisa, akiwa na miaka ishirini, kamati ya mji ilimchagua apokee wafanyabiashara wa kigeni waliokuja kutazama bidhaa zetu. Akiwavisha makoja ya asumini uwanja wa ndege, akiwazungusha Ngomeni, Mji wa Kale, mpaka kwa wachonga vinyago Changamwe. Mimi nikikaa barazani kila apitaye namwambia. Jirani yangu Bi Mwanakombo akinicheka: "Haya, mama balozi, leo mji umefunguliwa saa ngapi?" Nami namjibu, "Umefunguliwa mwanangu alipoamka!"

Kamati ikatafuta nyumba za kukaribisha baadhi ya wageni, waione Mombasa ya watu, si ya hoteli tu. Nilijitolea wa kwanza. Nikaletewa mama mmoja wa rika langu, mnunuzi wa vikoi na mikeka, mpole, mcheshi. Sote tulimwita Madam, basi. Siku tatu nilimlisha mahamri na mbaazi, samaki wa kupaka, mpaka akawa yuaomba mwenyewe aongezwe. Siku ya tatu, vidole bado vina mchuzi, akasema, Zuhura akitafsiri huku macho yamemng'aa, kwamba yuamtaka binti yangu aende naye kwao miezi sita amsaidie kuuza bidhaa za Mombasa.

Mume wangu aliniita uani. "Mama Zuhura, huyu mgeni jina lake kamili nani? Na kwao ni mji gani?"

"Bwana wee, mgeni yuwala, wataka nimuhoji kama polisi?"

Kwetu sisi mgeni haulizwi habari zake mpaka azitoe mwenyewe. Ndivyo mamangu alivyonilea, na kwa hilo nilijiona mstaarabu kuliko jirani zangu wote. Hata Zuhura sikumuuliza. Makaratasi ya safari walishughulikia wao wawili, na siku ya safari wakaondoka nayo. Lakini mume wangu alishika neno moja: bila jina na anwani, mtoto haondoki.

Basi nikamwambia, "Nishaandika yote. Karatasi iko sandukuni mwangu." Sikuwa nimepata kumdanganya kabla ya siku ile. Akaniamini. Zuhura akaenda.

Ilikuja kadi moja yenye picha ya daraja, haina anwani ya mwenye kuandika. "Mama, nimefika. Baridi kali. Pasipoti yangu anayo Madam. Nitaandika." Hakuandika tena.

Ulipopita mwaka, mume wangu akasema, "Toa ile karatasi, nianze kumtafuta." Sanduku yeye mwenyewe alikuwa amelihamishia stoo wakati wa masika, paa la chumba likivuja. Nilipolifungua nikakuta mchwa wamekula chini kote. Nikatoka nje nikasema, "Imeliwa." Neno moja tu. Nikamwona uso umemsawajika.

Tulikwenda kwenye ofisi ya kamati, tukakuta imeshavunjwa. Karani mmoja akanitazama akasema, "Mama, wewe uliyelala naye nyumba moja siku tatu, jina lake watuuliza sisi?"

Mume wangu alifariki mwaka wa tisini na saba. Alinishika mkono akasema, "Nisamehe, Mama Zuhura. Ningaliliacha lile sanduku chumbani, tungalimpata mwanetu." Nikamwambia, "Nimekusamehe." Kosa langu mimi, nami nikamsamehe yeye! Akaenda nalo kaburini.

Sasa miaka thelathini na zaidi imepita. Mwanangu wa pili amenijia: "Mama, tumsomee dada hitma, tupumzike. Na baba tumuombee hapo hapo, Mungu amsamehe kwa ile karatasi." Wamepanga Ijumaa ijayo. Biriani wataka nipike mimi, eti nani mwengine ajuaye kama mama?

Zuhura sina tumaini tena la kumuona, hilo nimelikubali. Lakini nitakaaje katikati ya watu wakimuombea msamaha mtu asiyekosa kitu? Na nikisema kwamba hakukuwa na karatasi, wanangu watanitazama kwa jicho gani siku zangu hizi chache? Siku hizi mtu akibisha hodi, kabla ya kumwambia karibu namuuliza jina lake na atokako. Wajukuu wasema nyanya amekuwa mkali, na wageni wamepungua.

Enyi mlio wengi na mlionizidi akili, nipeni la kufanya. Nipike ninyamaze, au niseme? Mchele wameshauleta.