Mama na Boksi la Bluu

Mama yangu alikuwa akitumia dawa ya presha kama kitenge cha kutokea. Aliimeza Jumapili kabla ya misa na siku za soko la Marangu. Siku nyingine alishinda kihambani na migomba yake, dawa ikabaki kabatini. Sababu ilikuwa bei. Dada yangu ndiye aliyemnunulia mara ya kwanza, boksi la bluu la kampuni iliyoigundua dawa hiyo, na tangu hapo Mama hakutaka kusikia nyingine.

"Hizo za bei ya chini ni unga wa mahindi," alisema.

Kliniki wakampima, nesi akanivuta pembeni: akiendelea hivi atapooza. Niliogopa mno. Kesho yake nikamteremsha hadi duka la dawa mjini Moshi, nimejiandaa kwa ugomvi, maana ubishi wangu nimeurithi kwake.

"Shikamoo mama," mfamasia alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nipe ya bluu."

Mfamasia akasoma cheti. "Daktari ameandika jina la dawa, mama. Hajaandika kampuni." Akaweka boksi la pili, jeupe, kando ya lile la bluu. Dawa ni ileile, alisema. Mwanzoni kampuni moja tu ndiyo iliyokuwa na haki ya kuitengeneza, ikajipangia bei. Haki ilipokwisha, viwanda vingine vikaingia, vikashindana, bei ikashuka. Kinachobaki kuipandisha bei ni nauli ya meli na lori, dola kupanda, na idadi ya mikono ambayo dawa inapitia kabla haijafika dukani.

Nikadakia kuongeza maelezo yangu. Mama akanipiga kiwiko.

"Hii nyeupe nani ameipima?"

"Mamlaka ya serikali, mama. Zote mbili zinapimwa kabla ya kuuzwa."

Mama akayageuza maboksi yote mawili. Yeye huuza maziwa. Kila asubuhi anayapeleka kituoni, yanapimwa kama yametiwa maji, yanapanda lori, halafu yanarudi madukani kwenye pakiti yenye picha ya ng'ombe wa Ulaya, kwa bei inayomfanya ashike mbavu.

"Ina maana," akasema, duka zima likisikia, "nawacheka wanaonunua maziwa yangu kwenye pakiti, kumbe na mimi nanunua picha ya ng'ombe?"

Foleni yote ikaangua kicheko. Akalisukuma boksi la bluu kwa kidole kimoja.

Sasa anameza kila siku. Mwezi uliopita presha ilikuwa imetulia, nesi akampigia makofi. Tulipofika nyumbani Mama akanikabidhi jembe na kunionyesha miche ya kahawa aliyoagiza. Alitaka mashimo yawe tayari kabla ya mvua. Nikamkumbusha kwamba kahawa hiyo haitazaa leo wala kesho, atasubiri kama miaka mitatu.

"Sasa?" akaniuliza. "Kwani wewe una safari?"

Nilichimba mpaka jioni, nimefurahi kama mjinga.