Nilivyompiga mkwe wangu pini ya paji la uso kwenye jarida la muziki

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii imenipata mwenyewe, sijasimuliwa. Atakayeona nimetia chumvi aje Butembo, jarida lipo, nitamfungulia ukurasa aone.

Mimi ni mtu wa mise en page. Naishi mtaa wa Rughenda na napanga kurasa za jarida dogo la muziki: kwaya, wapiga gitaa, nani ametoa wimbo gani.

Mwaka huu nilikuwa namchumbia Masika, binti wa mji wa Beni. Baba yake, Papa Kasereka, ni président wa kwaya ya parokia yao. Siku ya familia kukutana na kupewa jibu ilikuwa imeshapangwa.

Mhariri akaniambia nitengeneze kurasa mbili za katikati juu ya kwaya hiyohiyo. Nikaona ukwe umejileta wenyewe.

Kwa wasiojua: kurasa za katikati ni tamu kwa sababu ni karatasi moja. Picha unaitandaza kutoka kushoto hadi kulia bila kukatika. Kichwa kinakaa juu, maandishi chini kwa safu, na sehemu nyingine unaiacha nyeupe ili jicho lipumzike.

Picha ikatoka Beni. Kwaya nzima mstari mmoja mbele ya kanisa, Papa peke yake amekaa kwenye kiti.

Shida moja tu: hakuwa katikati kabisa. Na kwetu mkubwa hakai pembeni. Basi nikaikuza picha, nikaisukuma kushoto mpaka pua yake ikaingia katikati barabara. Kwenye ordinateur, yaani kompyuta, ilipendeza sana.

Nilisahau kwamba katikati ndipo jarida linapokunjwa, na ndipo watu wa imprimerie, wachapaji, wanapopiga agrafe, vile vyuma vya kushikilia karatasi.

Majarida yakarudi. Agrafe ya juu ilikuwa imemwingia Papa kwenye paji la uso. Ya chini ilishika kiatu. Yeye anatabasamu tu.

Niliogopa, sitaficha. Nilitaka kuugua siku ya mkutano. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, akasema: "Mugonjwa ao muzima, tunaenda."

Tukashuka Beni. Sebuleni jarida lilikuwa mezani, limefunguliwa palepale.

Papa akaniuliza taratibu: "Ni nini iko ku uso yangu?"

"Agrafe, Papa."

"Na juu ya nini uliniweka pale?"

"Ni heshima, Papa. Nilitaka ukuwe katikati."

Baba mdogo akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima. Papa akamkatiza: "Acha. Batu ya paroisse banasema niko muzuri. Chuma ni kidogo."

Nikashusha pumzi. Mapema mno.

Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Akalivuta jarida, akaweka kidole kwenye ukingo wa kushoto. Pale kulikuwa na mkono umejitokeza, mkono tu, umevaa kitenge cha kwaya.

"Na hii mukono, unajua ni ya nani?"

Niliinama kuutazama.

"Ni yangu."

Nilipoisukuma picha ili mzee akae katikati, wa mwisho wa mstari alianguka nje ya ukurasa. Kisu cha imprimerie kikamalizia kilichobaki. Na huyo mama ndiye anayeongoza sauti ya pili tangu Masika hajazaliwa.

Papa aliangalia dari. Hakuna aliyenitetea, hata Masika.

Mama akalifunga jarida.

"Mutoto yangu utamuoa. Lakini siku ya mariage, picha hapana wewe utazipanga."

Nilichojifunza: tunahangaika na mkubwa wa katikati, kumbe mwenye neno la mwisho amesimama ukingoni. Siku hizi ukurasa naukagua kuanzia pembezoni.

Wenzangu wa kazi hii, nyie wakwe mnawaweka wapi? Semeni, hata matusi ya kitaalamu napokea.