Betri ya Ndege na Mlinzi wa Kiwanja

Rubani alinifuata kibandani kwangu, Bariadi mjini, nikiwa nasuka koili ya mota ya mashine ya kusaga. Alikuwa mtu wa Arusha, ameletwa kwetu kufuatilia tembo wanaotoka porini na kuingia mashambani. Alirusha kindege cha viti viwili chenye mabawa ya kitambaa na propela nyuma. Mara mbili redio yake ilikuwa imezima akiwa hewani kwa sababu betri haikuingia chaji. Betri alishabadilisha. Reguleta, kile kidude kinachopokea umeme wa injini na kuuweka sawa kabla haujafika kwenye betri, nayo alishaweka mpya.

"Siyo kifaa tena," akaniambia. "Ni mtu. Mlinzi anachajia watu simu kwa betri yangu. Nataka uje upime, uthibitishe."

Nilipaswa kuyakataa maneno hayo pale pale. Nilipokuwa kijana kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, waya wa shaba ulipotea, na kwa kuwa fundi mwanamke nilikuwa peke yangu, mimi ndiye niliyevuliwa viatu getini kila jioni kwa wiki tatu. Najua ilivyo kutazamwa mikono. Lakini nilibeba mita yangu, nikapanda pikipiki ya rubani, na hadi tunafika kiwanjani, upande wa Kasoli, nilikuwa nimeshaanza kumshuku mtu ambaye sijawahi kumwona.

Mlinzi alikuwa mzee mrefu, mkulima wa hapo jirani.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila, baba."

Macho yake yalikwenda kwenye mita, hayakuja usoni kwangu. Kwenye benchi la kibanda chake niliona simu tatu zimepangwa.

"Simu za nani hizi, baba?"

"Za majirani."

"Unazichajia wapi?"

Akanyoosha kidole juu ya bati. Kulikuwa na paneli ndogo ya sola. Sikuridhika, nilipanda juu ya ndoo, nikaufuata waya kwa vidole mpaka ulipoishia kwenye simu. Alikuwa amesema kweli. Nilishuka nikiona haya, ila shaka haikuniisha, maana mzee alikuwa anatokwa jasho na siku ile ilikuwa ya mawingu.

Tukaanza kazi. Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti kumi na mbili na nusu, nayo haikuwa mbaya. Mtu aliyechota umeme usiku kucha asingeiacha hivyo. Nikamwambia rubani awashe na akanyage mafuta. Mita ilipaswa kupanda ikaribie kumi na nne. Haikupanda. Ikawa inashuka taratibu.

"Haichaji," nikamwambia alipozima. "Hakuna anayekuibia. Umeme haufiki."

"Pima tena," akasema, huku anamtazama mzee.

Nilipima nyaya zinazotoka kwenye injini: umeme ulikuwepo wa kutosha. Nikapima fyuzi, nzima. Nikabaki na reguleta, na ilikuwa mpya. Kila nilipoisogelea, mzee naye alisogea. Nilipoinama kutazama kibati cha chuma ilipofungiwa, akasema, "Hapo pazima, mayu. Tazama kule mbele."

Mkono wangu ulisimama. Amejuaje kwamba hapa ni pazima?

Reguleta ya aina ile inarudisha umeme upande wa hasi wa betri kwa kugusana na chuma ilichofungiwa. Nilichukua kipande cha waya, nikakifunga kutoka mwili wa reguleta moja kwa moja hadi hasi ya betri, nikasogea mbali na propela, nikamwambia rubani awashe. Mita iliruka hadi kumi na tatu na nukta tisa, ikatulia.

Nilifungua boliti mbili za kibati. Chini yake kulikuwa na rangi nzito ya kijivu, pande zote mbili, na rangi haipitishi umeme. Nikageuka nikatazama mlango wa kibanda cha mlinzi. Kijivu kile kile.

Rubani alikuwa ameenda kuchukua maji. Nilimwendea mzee, nikamwambia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, "Sema wewe, au nitasema mimi."

Alifuta viganja kwenye suruali. "Kilikuwa na kutu," akasema mwishowe. "Alikuwa ameenda Mwanza. Nilikifungua, nikakipaka, nikakirudisha. Nilidhani namsaidia. Aliporudi akasema mtu yeyote asiguse ndege, nikaogopa."

Rubani aliporudi, mzee alimweleza mwenyewe, amesimama wima kama yuko mbele ya baraza.

"Ulifungua boliti za ndege yangu?"

"Mbili tu."

Hiyo "mbili tu" haikumtuliza mtu. Rubani alikaa chini kwenye majani. Sikumwambia nililokuwa nawaza: kwamba yeye mwenyewe alifungua boliti zile zile alipoweka reguleta mpya, akaifunga juu ya rangi ile, asione kitu, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa mlinzi.

Nilikwangua kibati kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya. Chaji ikakaa sawa. Jioni hiyo na kesho yake kutwa nzima rubani alipita kila boliti ya ndege kwa spana, nami nikimsaidia. Mzee hakufukuzwa, ila aliambiwa alinde kutoka getini, asivuke. Siku ya tatu alasiri nilirudi kuona ndege ikijaribiwa; nilipokwenda kumuaga mzee, nilimuuliza kama kweli boliti zilikuwa mbili.

"Mbili, mayu."

Safari hii alinitazama usoni. Nilitaka kumwamini.

Rubani aliruka, akazunguka, akatua salama, redio inaongea. Akanifungulia mkanda wa kiti cha pili. "Panda, fundi, uone Simiyu kutoka juu."

Nilimwambia nina mota ya mteja inanisubiri mjini. Mota ile nilikuwa nimeshaimaliza tangu asubuhi.