Baba Aliyekataa Paa

Mvua ya kwanza ikipiga vumbi la Kolwezi, harufu ya udongo mwekundu hunirudisha uani kwetu Manika, na ninamwona tena baba, amejifunika bashi la plastiki hadi mabegani, amelowa, anakataa kuingia nyumbani.

Alikuwa mchimbaji wa shaba. Shimo lao liliporomoka. Yeye walimvuta akiwa hai, rafiki yake Kasongo akabaki chini. Tangu hapo baba hakutaka paa juu ya kichwa chake. Alikula nje, akalala nje. Mimi, binti wa shule ya msingi, nilifurahi kula naye, maana bukari, ugali wetu, wa uani ulikuwa mtamu kuliko ugali wowote wa mezani. Jirani alimtania mama kwamba kuku wetu wamepata mlinzi. Mama hakucheka.

Kwetu husemwa kuwa mchimbaji anaweza kununua dawa ya kuita madini, na dawa hiyo hudai mtu. Basi mtaa ukanong'ona kwamba baba amemtoa Kasongo kafara. Wenye huruma walisema amelogwa. Kila mgeni alimuuliza, "Tata, nani alikuloga?"

Mama, kwa mapenzi yake yote, akampeleka kwenye chumba cha maombi. Hakikuwa na dirisha, na mlango ulifungwa kwa nje. Tukamsikia akilia, "Munifungulie! Budongo iko nashuka!" Tukaimba kwa sauti kubwa zaidi, tukidhani ni pepo anayepiga kelele. Inaniuma hadi leo.

Alitoka humo hasemi kabisa. Ndipo shangazi, dada yake, alipokasirika: "Inatosha. Huyu ni mugonjwa, tunamupeleka ku hospitali."

Kufika huko, baba aligoma mlangoni. Muuguzi hakubishana naye. Alitoa viti viwili nje, akaketi karibu yake.

"Tata, mule mu shimo, ilikuwa namna gani?"

Kisha baba akasema, "Nilimushika Kasongo mukono. Alikuwa anaita. Ule mukono, mi niliuachilia."

Mama alijifunika uso kwa kitenge, akalia.

Tulirudi hospitalini mara nyingi, na polepole baba akaanza kulala ndani, mlango ukiwa wazi. Siku ile ya kwanza nilimdharau muuguzi kwa kuwa hakumpima hata homa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba baba alikuwa amekaa na maneno yale uani, kati ya watu waliompenda, na hakuna aliyemuuliza ya shimoni; sisi wote tulikuwa tunamtafutia mchawi.